Weka na ya Matanga

Wenzangu wa karakana, mmeniomba mara nyingi nije kuwafundisha hesabu ya betri, nami nimekuwa nikiahirisha. Ukweli ni kwamba nikisimama mbele ya watu nasahau nusu ya ninachotaka kusema, na nusu iliyobaki naisema mara mbili. Afadhali niandike. Muda ninao. Tangu niache kazi, muda ndio kitu nilichonacho kwa wingi kuliko vyote, na katika nyumba hii ya mtaa wa Mangobo hakuna wa kunikatiza.

Kuna jambo moja niliseme mapema ili msishangae huko mbele. Binti yangu Amina, anayeishi Bunia na mumewe, anataka nitafute mpangaji wa nyumba, nifunge mizigo, niende kukaa kwake. Hupiga simu kila Jumapili kuniuliza kama nimeamua. Tangu mama yake afariki, anasema mzee wa umri wangu hawezi kukaa peke yake katika nyumba ya vyumba vitano. Nimemwambia aningoje nimalize kuandika haya kwanza. Alicheka, akadhani ni ukurasa mmoja.

Nilianza kazi katika karakana ndogo karibu na bandari, enzi ambazo jua la Kisangani lilikuwa la kuanikia nguo na samaki tu. Tulikuwa tunachaji betri za magari na za mashua kwa jenereta yenye kelele kiasi kwamba ukitaka kumwambia mwenzako jambo, lazima mtoke nje. Mkuu wetu alikuwa Papa Alphonse, mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya Wagenia aliyekataa kuvua kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, yale maporomoko yana kelele kuliko jenereta. Suruali yake ilijaa matundu ya asidi toka magotini hadi chini. Nilipomwona mara ya kwanza nilimhurumia, nikadhani hana nyingine. Wiki haikuisha, yangu nayo ikawa vilevile.

Siku ya kwanza hakunipa kitu cha kubeba wala cha kufungua. Aliniketisha mbele ya betri moja, akanipa kipimo cha asidi, kile kichupa kirefu cha kioo chenye mpira wa kunyonyea juu na kielea ndani. Akaniambia ninyonye maji ya kila seli, nisome kielea kimesimama wapi, niyarudishe, nihamie seli inayofuata. Nikimaliza, nianze tena. Kufikia mchana macho yaliniuma, na nilikuwa na hakika kwamba mzee ananichezea. Ndipo akaja, akachuchumaa pembeni yangu.

"Alors, umeona nini?"

"Batri iko muzuri, Papa. Imejaa."

"Imejaa. Donc unaweza kutumia yote?"

Nikasema ndiyo, kwani imejaa ya nini kama si ya kutumiwa? Akatikisa kichwa. "Sikiliza. Nusu iko ya yako, nusu iko ya batri yenyewe. Ukikula na ile ya yake, itakukufia mu mikono."

Ninyi leo mna maneno marefu ya jambo hilo, na simu zenu zinawachorea hata picha. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote kwa maneno yale ya Papa Alphonse, na betri zangu ziliishi. Najua zile mpya za lithiamu zinakuruhusu kula karibu yote. Hongereni. Lakini nyumba nyingi za mji huu bado zina betri za asidi, na asidi haijabadilika tabia.

Sola ilipofika mjini, Papa Alphonse alikuwa tayari ana mvi, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kupanda juu ya mabati. Nyumba ya kwanza niliyoachiwa peke yangu, toka hesabu hadi waya wa mwisho, ilikuwa ya karani mmoja hapa hapa Mangobo, Papa Kasongo, mtu wa Kindu kama wazazi wangu. Niliketi sebuleni kwake nikamuuliza, naye akajibu vizuri. Alikuwa na taa nne za wati kumi, alizoziwasha kwa muda wa saa tano kila jioni: wati-saa mia mbili. Televisheni ya wati sitini kwa saa nne: mia mbili na arobaini. Redio na simu nikazipa arobaini. Jumla mia nne na themanini kwa siku. Ukigawanya kwa volti kumi na mbili za betri unapata ampea-saa arobaini. Kwetu mvua haijui kupumzika, kwa hiyo unahesabu siku mbili bila jua, zinakuwa themanini. Nusu ni ya betri yenyewe, basi unazidisha mara mbili: mia moja na sitini. Kigeuza umeme nacho kinakula chake, nikapandisha hadi mia mbili, yaani betri mbili za mia mia. Nilifunga, nikajaribu, nikaondoka nikipiga mluzi.

Wiki ileile akanitumia mtu: umeme umekufa. Nilikwenda asubuhi na mfuko wangu wa zana. Nikapima seli, zote zilikuwa chini kabisa, zimekula na ile nusu isiyo yetu. Nikakagua paneli, safi. Waya, salama. Ndipo nikaona kebo nyingine ambayo si yangu. Ilitoka kwenye soketi ya televisheni, ikapita dirishani, ikapanda juu ya ua wa mianzi, ikaingia kwa jirani. Kule kulikuwa na turubai limetandazwa, viti vya kukodi, balbu kubwa kubwa zimening'inizwa kwenye kamba, na spika za kwaya.

"Papa, ulisema taa ine," nikamwambia.

"Taa ine njo zangu," akanijibu. "Zile zingine ni za matanga."

Jirani alikuwa amefiwa na mama yake. Hakuna aliyekuja kuomba umeme na hakuna aliyeutoa; nyumba yenye mwanga ilipitisha kebo, basi. Nikamwambia kwamba angeweza kukataa, au angalau kupunguza zile spika. Papa Kasongo alinitazama kana kwamba nimeshuka kwenye meli asubuhi ile.

"Wamulilie mama ya watu mu giza?"

Nilirudi karakana nimekasirika. Nilimweleza Papa Alphonse yote, hesabu na kebo, nikimtegemea anitetee. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. "Uliuliza taa ngapi," akasema. "Haukuuliza majirani ngapi. Mara ingine weka na ya matanga."

Tangu siku ile, kila nilipomaliza hesabu niliongeza robo juu yake. Wateja wengine walidhani nataka kuwauzia betri nyingi. Nikiwaambia ni ya matanga, walisema ni kweli. Sikupata hata mmoja aliyebisha. Hiyo robo hamtaiona kwenye simu zenu, iongezeni wenyewe.

Kazi ilinipeleka mbali. Nimevuka kwenda Lubunga na betri katikati ya mtumbwi, mpiga kasia akiniangalia mimi kuliko anavyoangalia mto. Nimesafirisha betri juu ya toleka, ile baiskeli ya abiria, mpaka asidi ikamchoma mwenye baiskeli mgongoni na tukaacha kuongea njia nzima. Isangi nilikwenda kwa baleinière, ile boti ya mbao yenye injini, kwa sababu mfanyabiashara mmoja alilalamika kwamba nimemfungia betri mbovu. Nilikuta amezijaza maji ya mto. Maji ya betri yalimwishia, akasema, na maji ni maji. Kulikuwa na tope ndani ya seli. Nilimwonyesha, akalitazama kwa muda, akaniuliza kama samaki anaweza kukaa humo.

Kuna jambo la kazi hii ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Fundi wa sola huondoka kabla ya giza. Unafika asubuhi ili uone paneli, unafunga mchana, unajaribu taa ambazo kwa jua lile hazionekani kama zinawaka, unapewa sahani ya pondu, unaaga. Taa zako zinawaka ukiwa umeshafika kwako. Sehemu kubwa ya nilizofunga sijawahi kuziona usiku. Ndiyo maana mke wangu Zaina aliniuliza kila jioni, akinitengea chakula, "Leo umewashia nani?" Nami nilimsimulia nyumba nzima: walivyokaa, walivyobishana taa iwe wapi, nani alitaka ya chooni. Kwa kumsimulia ndipo nilipoziona zikiwaka.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Cécile, maana hesabu yake ndiyo iliyonipa shida kuliko zote.

Alikuwa mshonaji wa nguo pale Kabondo, mjane, amelea watoto watano katika nyumba ya matofali, na wote watano walikuwa wameondoka. Wa kwanza, Didier, aliishi Kinshasa, na ndiye aliyenipigia simu. Mama yake alikuwa ameanguka gizani akitafuta mlango, akaumia nyonga. Didier aliniambia wazi: "Tonton, mama hataki kutoka mu ile nyumba. Bon, nimemupa nafasi moja. Kama moto inashika usiku muzima, abaki. Kama inakatika, nakuja kumutwala na nyumba tunauzisha." Moto ndivyo tunavyouita umeme, msicheke ninyi mliosomea mbali.

Hesabu ilikuwa ndogo: mtu mmoja, taa mbili, redio, simu. Moja kati ya taa hizo iwake mpaka asubuhi kwa ajili ya nyonga. Nilizidisha, nikagawanya, nikaongeza ya matanga, nikafunga betri moja kubwa. Haikufika asubuhi hata mara moja.

Nilirudi tena na tena. Nilibadilisha waya wa betri na wa paneli. Nilisafisha paneli ambayo haikuwa chafu. Nilipima kila seli kwa kile kipimo, ambacho Papa Alphonse alikuwa ameniachia alipostaafu, na kila seli iliniambia kitu kilekile: betri ni nzima, imetumiwa yote. Mama Cécile alikuwa akinifuata nyuma kwa fimbo yake, na kila nilipofunga mfuko aliniuliza kama nimemwambia Didier. Nilimjibu bado. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kwa ajili yake, kwa sababu Didier naye alikuwa anapiga simu.

Asubuhi moja niliomba kukagua swichi za vyumba vya nyuma, ambavyo alikuwa ameniambia vimefungwa na havitumiki. Alisita, kisha akanipa ufunguo. Vyumba vilikuwa vimefagiliwa. Vitanda vimetandikwa, vyandarua vimefungwa juu kwa fundo, shati la shule limetundikwa nyuma ya mlango mmoja. Na katika kila chumba kulikuwa na balbu na swichi, kazi ya fundi mwingine aliyepitisha waya darini hadi kwenye betri yangu, na kila swichi ilikuwa imewashwa.

"Mama, nani analala huku?"

"Hakuna mutu."

"Na taa?"

Alianza na wezi, kwamba mwizi akipita barabarani aone nyumba ina watu. Nikamsikiliza. Kisha akaketi kwenye kimoja cha vile vitanda, akalaza fimbo magotini. "Nikizima," akasema, "ni kusema hawatarudia tena. Alors sizimi."

Nilitoka uani, nikafanya hesabu upya ukutani kwa mkaa: taa saba, sita kati yake zikiwaka toka jioni mpaka alfajiri. Ilikuwa hesabu ya nyumba iliyojaa watu. Ilihitaji betri nne na paneli mbili zaidi. Nikampigia Didier hapo hapo, mama yake akisikiliza.

"Tonton, mama iko peke yake," Didier akasema. "Batri ine za nini?"

Mama Cécile alikuwa anatazama mikono yake. Nikasema, "Weka na ya matanga, Didier. Weye ni mutoto wa Kabondo, unajua. Majirani wakifiwa, kebo itatoka wapi?"

Nikamsikia anacheka. "Ah, ni kweli. Matanga. Fanya, tonton."

Betri zile zilishika mpaka asubuhi, na nyumba haikuuzwa. Mama Cécile alikaa humo miaka mingine, taa zake zote zikiwaka, na alipofariki alifia kitandani kwake. Nilikwenda kwenye matanga. Watoto wote watano walikuwa wamekuja, na wake zao na waume zao na watoto, na kile chumba cha shati la shule kilikuwa na wajukuu wamelala mzungu wa nne. Balbu za turubai zilivuta umeme kutoka kwa betri zake mwenyewe. Didier alinishika mkono, akaniambia, "Tonton, ulisema kweli." Nikamwambia ndiyo. Hiyo ilikuwa mojawapo ya mara chache nilipoziona taa zangu usiku.

Zaina aliondoka baada ya hapo. Wakati wa matanga yake taa ziliwaka mpaka asubuhi kila siku, na watu wengi walinisifu kwa betri. Niliwashukuru. Kisha turubai likashushwa, viti vikarudishwa, Amina akapanda gari kurudi Bunia, nami nikaendelea na kazi mpaka magoti yakakataa ngazi. Wakati wa kazi sikuhisi sana, kwa sababu mchana nilikuwa na nyumba za watu. Sasa nahisi. Nina upweke, sioni sababu ya kuuita jina lingine.

Betri zangu nilizipigia hesabu nyumba ikiwa na watu wanane. Siku hizi natumia taa moja, redio na simu. Ile taa ya kijani ya kidhibiti chaji, inayosema betri imejaa, inawaka kabla sijamaliza chai, na inabaki hivyo kutwa nzima. Zamani nilikuwa nawaambia wateja kwamba hiyo kijani ni furaha ya fundi. Nimetundika kitambaa mbele yake.

Jumamosi iliyopita Espérance alikuja kunisalimu. Wote mnamjua, ndiye aliyeshika nafasi yangu, na ndiye niliyemwachia kipimo cha Papa Alphonse. Hakuja mikono mitupu, alileta liboke ya samaki, wale wa kuchomwa ndani ya majani, na kile kipimo. Tulikula, kisha bila kuniomba ruhusa akaenda kwenye betri, akafungua vifuniko, akaanza kunyonya seli moja moja. Niliketi kwenye kigoda nikamtazama. Anashika kipimo vizuri kuliko mimi.

"Papa, batri yako iko na shida."

"Haiwezi. Imejaa."

"Njo shida yenyewe. Inajaa asubui, inabaki vile. Maji inapunguka, asidi inalala chini, juu inabaki maji tupu. Si ni weye ulitufundisha? Batri haipendi kukaa bure." Akafuta kipimo kwa kitambaa. "Unatumia nini usiku?"

Nikamtajia taa, redio, simu. Aligeuka akaitazama korido yangu, na milango iliyofungwa kulia na kushoto.

"Washa zile zingine," akasema.

"Za nini?"

"Za batri, Papa."

Akajaza maji yaliyopungua, akafunga vifuniko, akaaga mapema ili awahi pikipiki. Alikuwa ameondoka kabla ya giza, kama fundi yeyote.

Jioni ile nilifungua milango. Nilifagia chumba cha Amina, nikafungua dirisha la chumba cha wavulana, nikabadilisha balbu iliyoungua katika chumba cha wageni. Kisha nikapita nikiwasha, chumba kwa chumba. Niliketi kwenye kiti changu cha koridoni, mwanga ukitoka kila mlango, nikalia kidogo. Nilitamani mtu aniulize leo nimewashia nani. Asubuhi, taa zote zikiwa bado zinawaka, nilipima, betri zilikuwa zimeshuka hadi nusu kamili. Hesabu yangu ya zamani bado ni sahihi.

Amina alipopiga simu Jumapili nikamwambia nimekaribia kumaliza kuandika, na kwamba nabaki. Akaniuliza nitabaki kufanya nini peke yangu. Nikamweleza kwamba betri zinahitaji mtu wa kuzitumia, la sivyo zitakufa, na kwamba kebo ya matanga nimeikunja iko tayari karibu na dirisha, maana hapa Mangobo hatukosi. Kisha akasema kwamba likizo ikifika atajaribu kuleta watoto, barabara ikikubali.

Nilikuwa bado nimeshika simu pale Mama Bibiche, jirani yangu wa upande wa mianzi, aliponiita kutoka ng'ambo ya ua.

"Papa Ramazani, jana nimeona taa mu vyumba vyote. Wageni wamefika?"

"Bado," nikamjibu.